Kitabu kile ndicho ngoma yangu

Jumanne iliyopita nilikuwa darasa la pili, kipindi cha tatu. Watoto 72 wamekaa sakafuni, madawati tumeyasukuma ukutani, na mkononi nina kitabu cha picha, nakala moja tu. Mwenzangu mmoja, mwalimu ninayemheshimu na anayefundisha kwaya vizuri, akasimama mlangoni, akasikiliza kidogo, kisha akaniuliza mbele ya watoto: "Mwalimu, hiki ni kipindi cha muziki au cha kusoma?" Akaenda zake kabla sijajibu. Swali lile limenikaa kooni wiki nzima.

Ni kipindi cha muziki, mwalimu. Na kitabu kile ndicho ngoma yangu.

Angesimama dakika tano zaidi angeona. Hadithi ni ya chura anayengoja mvua. Ukurasa wa kwanza wa mvua una matone matatu tu, makubwa. Watoto wanagonga kiganja kwa kidole kimoja: ta, ta, ta. Nageuza, matone yameongezeka: vidole viwili, ti-ti, ti-ti. Nageuza tena, viganja vinashuka mapajani. Kisha unakuja ukurasa ambao mvua imeujaza wote, hakuna mahali peupe, na miguu 144 inaingia mpaka vumbi linapanda. Halafu nageuza mara ya mwisho: jua, dimbwi, chura amekaa. Hakuna tone. Miguu yote ikasimama kwa pamoja, na mimi sijainua hata mkono. Aliyewahi kufundisha darasa la pili anajua kimya cha namna ile hakipatikani kwa kugonga meza.

Mwaka juzi nilifundisha jambo hilohilo, kukuza sauti polepole, kwa chaki. Niliandika "sauti ndogo" na "sauti kubwa" ubaoni, nikachora mshale, tukarudia wiki mbili. Walilijua neno, kulitenda wakashindwa. Kukuza sauti polepole ni kazi ngumu kwa mtoto wa miaka saba. Ukimwambia aongeze, anapasua paa palepale. Picha inampa ngazi za kupandia. Hawezi kufika kwenye mafuriko kabla sijageuza ukurasa, na anajua kabisa kwamba yanakuja, kwa hiyo anajizuia. Ule uso wa mtoto anayejizuia, macho kwenye kona ya karatasi akingoja kidole changu, ndio muziki ninaoutafuta.

Katikati ya kurasa hizo chura anaita: "Mvua, njoo!" Kwa noti mbili tu, so na mi. Kila wanapomwona wanaimba, na anapokosekana wanakaa kimya wakingoja. Beti na kiitikio wamevielewa hivyo, kabla sijavitaja kwa majina.

Kinachoniuma zaidi ni kuambiwa kwamba hizi ni mbinu za kuletwa. Bibi yangu aliposema "Paukwa!" sisi tuliitika "Pakawa!", na hadithi haikwenda mbali kabla ya wimbo kuingia. Msichana akifika kisimani anaimba. Zimwi likikaribia, wimbo uleule unarudi, safari hii bibi ameushusha mpaka tunasogea kumsikia. Mara ya tatu anauharakisha, na sisi tunaitikia mioyo ikidunda. Tusipoitikia, hadithi inasimama. Pale jikoni, moshi machoni, nilijifunza mwendo, ukubwa wa sauti, kupokezana na kungoja zamu yangu, na hakuna siku bibi alisema sasa tunaacha hadithi tuanze muziki. Ni ratiba zetu zilizovitenganisha, hadithi ikapelekwa kwenye Kiswahili na wimbo kwenye Sanaa na Michezo. Bibi hayupo tena, na wengi wa watoto hawa jioni hawana wa kuwaambia paukwa. Kitabu cha picha kinanisaidia kuwarudishia kitu ambacho ni chao.

Wapo wanaosema muziki ni wa sikio, picha inapotosha. Lakini haohao huandika d, r, m ubaoni kila siku ya mazoezi ya kwaya, yaani do, re, mi za solfa, ile mbinu ya kuimba noti kwa majina. John Curwen, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeichukua mbinu hiyo kwa mwalimu Sarah Glover na kuieneza, alitundika ukutani chati ya noti zilizopangwa kama ngazi. Mwalimu ananyooshea fimbo, darasa linaimba. Akaongeza ishara za mkono, ambazo baadaye zilishika mizizi katika ufundishaji wa mtunzi wa muziki Zoltán Kodály huko Hungaria. Solfa tunayoipenda makanisani imelelewa na macho na masikio pamoja.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaoharibu. Mtu anasoma kipindi kizima, mwishoni watoto wanapiga makofi mara mbili, kisha anajaza kwenye andalio la somo kwamba amefundisha mapigo. Huko mwenzangu angekuwa na haki ya kuuliza. Mimi maneno mengi ya kitabu nayaruka.

Na si kila kitabu kinafaa. Vilivyotafsiriwa vinanitesa: kibwagizo kilichokuwa na silabi nne kwa Kiingereza kinafika kwetu na silabi kumi na moja, na mkazo umeangukia pasipo mahali pake. Kiswahili kina mwendo wake, mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho: TE-mbo, ki-NYO-nga. Kabla ya kukipeleka kitabu darasani nakipiga makofi nyumbani, ukurasa kwa ukurasa. Kikikwama mikononi mwangu, kinabaki nyumbani. Kuhusu gharama, mradi wa African Storybook unatoa hadithi za picha bure mtandaoni tangu 2014, na za Kiswahili zimo. Ukishindwa kuchapa, chora kwenye karatasi za manila.

Jumanne ileile, wakati wa mapumziko, wasichana watatu waliniomba kitabu. Nikawapa, nikabaki dirishani. Wakakaa kwenye ngazi za darasa wakakifungua kwa nyuma. Wakaanza na mafuriko, miguu yote sita, wakarudi kwenye viganja mapajani, wakarudi kwenye vidole viwili, wakimwimbia chura kila walipompata. Walipofika kwenye yale matone matatu, mkubwa wao aliwazuia wenzake kwa mkono, akagonga peke yake, kidole kimoja, akiacha nafasi ndefu kati ya tone na tone. Kupunguza sauti sijawafundisha bado. Kwenye azimio la kazi, mpango wangu wa masomo, somo hilo limewekwa mwezi ujao.

Mwalimu mwenzangu, Jumanne hii kipindi cha tatu karibu. Nitakiomba kwa wale wasichana kitabu, na wao ndio watakaogeuza kurasa.