Nani ana haki ya kumng'oa aliyechaguliwa na jiji?

Wawakilishi wadi wa Nairobi, yaani wajumbe wa bunge la kaunti, hawana mamlaka ya kumfukuza mwenzao aliyeletwa bungeni na wapiga kura. Wanaweza kumsimamisha vikao kadhaa kwa utovu wa nidhamu, basi. Kiti chenyewe hupotea kwa sababu zilizotajwa katika Kifungu cha 194 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kama vile kukosa vikao vinane bila ruhusa ya Spika wala maelezo ya kuridhisha, au kukihama chama. Naunga mkono mpaka huo. Usingekuwepo, walio wengi wangewamaliza wapinzani wao kwa kura ya alasiri moja, na wadi nzima ikabaki bila msemaji.

Kwa gavana mambo ni mengine, na hapo ndipo penye ubishi. Hoja ya kumbandua ikipitishwa na theluthi mbili ya wajumbe wote, si ya waliohudhuria tu, inapelekwa Seneti, baraza la Bunge la taifa, ambayo ndiyo huamua. Bunge la kaunti linashtaki, halihukumu. Desemba 2020 Mike Sonko, gavana wa Nairobi wakati huo, alishtakiwa na bunge la kaunti kwa kura 88, na Seneti ikamwondoa. Nairobi ina wadi 85. Kwa hiyo wajumbe walioteuliwa na vyama, ambao hakuna mkazi aliyewapigia kura, walishiriki kumwondoa mtu aliyechaguliwa na jiji zima. Jambo hilo linanisumbua, ingawa sheria inaliruhusu na Mahakama ya Juu iliitupa rufaa yake Julai 2022.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Gavana anashika mabilioni ya umma, na kesi ya ufisadi inaweza kuburutwa mahakamani hadi muhula wake ukaisha. Kumsubiri ni kuacha zahanati zikose dawa.

Lakini tazama Embu. Gavana wake, Martin Wambora, alibanduliwa mara mbili mwaka 2014, akarudishwa na mahakama, na 2017 wananchi wakampa muhula wa pili wakiyajua mashtaka yote.

Tuwanyime basi walioteuliwa kura hiyo? Hapana. Wengi wao ni wanawake na watu wenye ulemavu, na viti vyao vipo ili bunge lisiwe la wanaume watupu. Kuwapunguzia sauti ni dhuluma nyingine. Ningependa theluthi mbili ihesabiwe mara mbili: kwa wajumbe wote kama sasa, kisha kwa waliochaguliwa peke yao. Kwa Nairobi, hesabu hiyo ya pili ingekuwa angalau kura 57 kati ya wadi 85.