Ndege mwekundu wa kisiwa kimoja

Afrika haina ndege mvumaji, yule kidege anayeelea hewani mbele ya ua akifyonza nekta. Yule kidege anayeng'aa na kufyonza maua bustanini kwetu ni chozi, ukoo mwingine kabisa. Wavumaji wote ni wa Amerika, na kuna wawili wa Chile ambao siachi kuwafikiria.

Wote ni wa jenasi ya Sephanoides, na jenasi hiyo haina spishi ya tatu. Mmoja Wachile humwita picaflor chico: wa kijani, gramu tano au sita tu, ameenea Chile na Argentina mpaka Tierra del Fuego, ncha ya kusini ya bara. IUCN, shirika la dunia linalopima hatari ya viumbe kutoweka, haina wasiwasi naye.

Mwenzake, picaflor rojo, anaishi kisiwa kimoja tu duniani, Robinson Crusoe, zaidi ya kilomita 600 kutoka pwani ya Chile. Dume ni mwekundu wa kutu, na jua likimpiga utosini, manyoya yanawaka kama kaa la moto. Jike ana mgongo wa kijani na kifua cheupe chenye madoa. Walivyo mbalimbali, wanasayansi wa karne ya 19 waliwapa majina ya spishi mbili! Huyu IUCN imemweka daraja la hatari kubwa kabisa kwa ndege ambaye bado yupo porini. Jamaa zake wa kisiwa kingine cha Chile, Alejandro Selkirk, walionekana mara ya mwisho mwaka 1908.

Sasa, yule wa kijani naye alifika Robinson Crusoe katika karne ya 19, akazaana, na leo ndiye mwingi. Wapo wanaomtupia lawama kwamba ndiye anayemmaliza mwekundu. Mimi sikubali. Kweli wanagombania maua, lakini dume jekundu hufika gramu 11 na ana ubavu wa kumfukuza binamu yake mtini. Asichokiweza ni paka. Wala panya anayepanda hadi kwenye kiota. Wala zarzamora, mmea wa miiba ulioletwa na watu, unaousonga msitu wa miluma, miti ya asili ya kisiwa, anamotagia na kupata chakula. Kisiwa ni hifadhi ya taifa tangu 1935, ila zorzal, ndege mla matunda, anameza tunda la zarzamora upande huu na kuangusha mbegu upande wa pili, kwenye msitu ambao bado mzima.

Kwa hiyo fedha na nguvu ziende kwenye kung'oa zarzamora, mwaka hadi mwaka, maana ukikata bila kurudi inachipua. Na ziende kijijini San Juan Bautista. Huko watu wamepanda uani mti wa asili wa kisiwa, wenye majani mapana kama kabichi na maua ya rangi ya chungwa, na ndege huyu huteremka hapo kunywa nekta, karibu na ardhi, karibu na paka. Paka hao wahasiwe, na maua yakichanua wafungiwe ndani.