Padri wa kwenye tamthilia

Lawama za viongozi wa dini dhidi ya tamthilia zetu tunazijua. Mchungaji akitokea kwenye televisheni, ama ni tapeli wa sadaka ama ana nyumba ndogo. Na kama si hivyo, basi ni padri mpole asiye na doa, kazi yake kufungisha ndoa na kuzika. Wasanii nao wana jibu lao: sisi tunaonyesha yaliyopo. Hapa Bagamoyo ubishi huu una ladha yake, maana pande zote mbili ni majirani. TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, inafundisha waigizaji. Misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu ipo tangu 1868. Kwa bodaboda, kutoka huku hadi kule ni dakika chache tu.

Jibu la wasanii lina mashiko kuliko wachungaji wengi wanavyopenda kukubali. Februari 2020 mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenye mkutano wa maombi, kila mmoja akiwania kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ya watu wanaohusishwa na kanisa la mhubiri aliyekuwa na kituo chake cha televisheni, ikafika zaidi ya 400. Mwandishi akimtunga nabii anayeuza maji ya baraka, ametunga jina tu. Kumwambia anyamaze asilitie kanisa aibu ni kumgeuza msemaji wa kanisa, kazi ambayo hakuiomba wala halipwi.

Tatizo ni kwamba hayo "yaliyopo" yanaishia kwenye mimbari na kwenye kutoa pepo. Chukua harusi, tukio linalopendwa kuliko yote. Bibi harusi yuko mbele ya altare, kwaya imenyamaza, padri anauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mlango unafunguka, anaingia mwanamke kabeba mtoto mgongoni. Kibanda umiza kizima, kile cha kuonyeshea video mtaani, kinapiga kelele. Sasa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, na parokiani ndoa hutangazwa Jumapili tatu, majina yakisomwa mbele ya waumini wote. Yule mama mwenye mtoto angekuja siku ya kazi, ofisini kwa paroko, huku amevaa kanga. Angemkuta katekista mlangoni. Wangeitwa wazazi, wangeitwa viongozi wa jumuiya, na shangazi mtu ambaye kadi za mchango ameshazigawa angesema mtoto si wa kwao. Baba wa bibi harusi ameshalipia ukumbi. Paroko anajua jambo fulani ambalo hawezi kulisema. Hiyo ndiyo tamthilia yenyewe, ina fedha, ina siri, ina aibu, na haihitaji hata moshi wa bandia. Inahitaji mwandishi aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya parokia.

Kuna jambo ambalo miji kama huu wetu hulifanya zito zaidi. Wenyeji wengi wa Bagamoyo ni Waislamu, na mji una historia ndefu ya zikri za Kadiriya, tarika ya Kisufi. Ujirani ni mzuri, tunazikana na tunaalikana, lakini mtu hawezi kujua mambo ya ndani ya kanisa kwa kuhudhuria maziko mawili matatu. Yaliyobaki anaelezwa na king'amuzi. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa swala tano, aliniuliza kwa unyenyekevu kabisa kama kweli mapadri huwapelekea polisi siri za kitubio, maana ameona hivyo kwenye tamthilia ya nje iliyotiwa sauti za Kiswahili. Nilimjibu kwamba padri akiitoa siri ile anajitenga na Kanisa papo hapo, kwa tendo lenyewe. Alishangaa. Na yeye ana dai lake halali: kila mganga mchawi kwenye filamu zetu amevishwa kanzu na tasbihi. Nalo hilo ni deni la wasanii.

Wapo wanaosema kichekesho ndicho kinachoharibu heshima ya watumishi. Sikubaliani nao. Kanisa la Anglikana la Uingereza liliwapa wanawake upadri kwa mara ya kwanza mwaka 1994, na mwaka uleule BBC ikaanza kurusha The Vicar of Dibley, vichekesho vya padri mwanamke kijijini. Watu walicheka, na wakati huohuo wakazoea kumwona mwanamke altareni. Kwetu KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ina wachungaji wanawake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini mimi sijaona tamthilia yetu iliyomweka mmoja wao katikati ya hadithi. Wanawake wa kanisani tunaowaona ni wale wanaoanguka wakipiga kelele huku mchungaji kawashika kipaji cha uso.

Hata hivyo, lawama zote zisiangukie wasanii. Makanisa yana vituo vyao wenyewe: KKKT ina Upendo, Jimbo Kuu la Dar es Salaam lina Tumaini. Ukivifungua utakuta ibada, mahubiri na kwaya, vitu vile vile vya mimbarini, safari hii vikiwa safi. Jumuiya ndogondogo inayokutana uani kwa mtu, mtunza hazina anayebanwa kuhusu mfuko wa rambirambi, sauti ya kwanza iliyogoma kuimba kwa sababu ya sare: hayo hayaonekani huko pia. Kisha muongozaji akiomba kupiga picha kanisani anaambiwa aandike barua, barua inapanda jimboni, na bajeti yake ni ya siku chache. Anaishia kukodi ukumbi, anapanga viti vya plastiki, anaazima kola kwa fundi cherehani. Jumapili inayofuata anasemwa kwenye mahubiri kwa jinsi kanisa lake lilivyoonekana la kihuni.