Kuku wa Sanders na viazi karai vya Maweni

Mpwa wangu ana miaka 26 na karai moja. Kila siku baada ya swala ya alasiri huwasha jiko lake kando ya mlango wa nyumba yao Maweni, hapa Malindi, akakaanga viazi karai mpaka unga uishe. Viazi vyake si vya ajabu, ni vile vile vya bara ambavyo kila mtu hununua sokoni. Watu wanafuata chatini yake ya ukwaju. Mwezi uliopita vijana watatu walimjia na shauri: wafungue vibanda Watamu, Kilifi na Mtwapa, vyote viitwe kwa jina lake, wauze chatini yake, na wamlipe kila mwezi. Usiku ule ule alinitumia kisa cha Kanali Sanders, yule mzee wa kuku, na chini yake akaandika: "Mjomba, huyu alianza na miaka 65. Mimi nangoja nini?"

Kisa hicho kimezunguka kwenye simu zetu miaka mingi: mzee fukara, hana hili wala lile, akakataliwa zaidi ya mara elfu, hakukata tamaa, akatajirika. Kimenogeshwa, na kwa kunogeshwa kimepoteza kile ambacho mpwa wangu anakihitaji hasa.

Harland Sanders alizaliwa Indiana, Marekani, mwaka 1890. Mwaka 1930 alishika kituo cha mafuta mjini Corbin, jimbo la Kentucky, akaanza kuwapikia madereva waliopita, akiwakalisha kwenye meza yake mwenyewe ya chakula. Meza ile ilizaa mkahawa, na baada ya mkahawa kuungua aliujenga upya, mkubwa, wa viti kama 140. Hapo ndipo alipojifunza kukaanga kuku kwa sufuria ya presha, wakaiva upesi bila kukauka. Kwa hiyo alipofikisha miaka 65 hakuwa mtu anayeanza. Alikuwa na miaka 25 ya kupika kwa jina lake. Kilichomwangusha ni barabara. Ilipangwa barabara kuu mpya itakayoukwepa mji wa Corbin, na mkahawa ukauzwa kwa mnada mwaka 1956. Alipomaliza madeni alibaki na pensheni ya dola 105 kwa mwezi.

Wanaoipenda biashara ya kukodisha jina wana haki ya kuanzia hapa. Mkahawa mmoja hufa ikihama barabara, ila mapishi na jina haviko barabarani. Sanders alitia sufuria zake ndani ya gari akazunguka mikahawa ya watu: niache nipike jikoni kwako, kuku wangu wakipendwa utanilipa senti chache kwa kila kuku utakayeuza. Siri ya viungo hakumpa mtu. Viungo vilichanganywa nyumbani kwake, mkewe Claudia akavifunga na kuvituma. Mwaka 1964 walikuwa wamefika zaidi ya mikahawa 600.

Lipo jingine ambalo wengi hawalijui. Mshirika wake wa kwanza, Pete Harman wa Salt Lake City, alianza kuuza kuku wale mwaka 1952, hata kabla mkahawa wa Corbin haujauzwa, na ni huko kwa Harman, wala si kwa Sanders, ambako lilizaliwa jina la Kentucky Fried Chicken, yaani KFC. Ile ndoo ya kuku pia ilianzia kwa Harman. Mtu uliyemkodisha jina anaweza kukuongezea akili ambayo huna. Huenda yule kijana wa Watamu akabuni kitu kwa ajili ya watalii ambacho Maweni hakingetuingia akilini.

Sasa nigeuze upande wa pili, nao ndio ulioninyima usingizi. Mwaka 1964 Sanders aliuza kampuni kwa dola milioni 2. Akabaki kuwa sura yake, mzee wa suti nyeupe anayelipwa kuzunguka akijionyesha. Aliingia kwenye mikahawa yenye picha yake ukutani, akaonja mchuzi mzito unaomwagiwa chakula, akakuta si mchuzi wake. Alisema wazi, mpaka gazetini, kwamba mchuzi ule ulikuwa sawa na gundi ya kubandikia karatasi ukutani. Kwa maneno hayo akashtakiwa na mkahawa uliokuwa ukitumia jina lake! Kesi ilitupwa, lakini tazama mtu alipofikia: jina lake, uso wake, na hana amri hata ya kusema chungu kimwagwe.

Na mfumo ukishakuwa mkubwa hufuata kanuni zake hata pale zinapowashangaza wenyeji. Mwanzoni mwa 2022 matawi ya KFC hapa Kenya yaliishiwa na chipsi katika nchi ambayo wakulima wake wa Nyandarua na Meru wanalia kwa kukosa soko. Chipsi zilikuwa zikiletwa kutoka Misri, meli zikachelewa, na viazi vya hapa havikuwa vimepitishwa na kampuni. Wakenya walikasirika, nami nilikasirika nao. Hata hivyo kanuni ile ya ukaguzi si upuuzi. Mlaji akiumwa tumbo Mtwapa, jina litakalochafuka ni la Maweni.

Lipo jambo la tatu ambalo halimo katika maisha ya Sanders. Kwenye karai la mpwa wangu, mtoto akija na shilingi pungufu hupewa, na mteja wa kila siku huongezewa kiazi kimoja bila kuomba. Bi mkubwa jirani huchukua leo akalipa Ijumaa. Mkataba wa kulipa kwa hesabu ya kila kipande hauna mahali pa nyongeza. Kijana anayetakiwa kupeleka fedha Maweni kila mwezi atavihesabu viazi, na mimi siwezi kumlaumu. Lakini nyongeza ile ni sehemu ya ladha, kama ukwaju wenyewe.

Nilimwandikia mpwa wangu asikatae. Nilimwambia afuate Sanders wa kabla ya 1964. Chatini ipikwe Maweni, itumwe kwa matatu ndani ya madumu, na mapishi yasitoke nyumbani. Waanze na Watamu peke yake, ambako anaweza kwenda asubuhi akarudi mchana, aonje mwenyewe. Mkataba uandikwe, na uwe na kifungu kimoja kinachompa haki ya kushusha kibao chenye jina lake siku chatini ikichakachuliwa. Malipo yahesabiwe kwa dumu la chatini, yasihesabiwe kwa kiazi, ili kijana wa Watamu aweze kumwongezea mtoto kiazi bila kudaiwa na Maweni.

Alisoma, akanipigia simu. "Mjomba, hilo la dumu nimelipenda. Lakini akiongeza maji kwenye chatini ili dumu lifike mbali?"

Jumamosi tunakwenda Watamu pamoja, kumtazama huyo kijana akikaanga.