Msamaha gani tunauongelea?

Kiswahili kinatuponza hapa. Mfanyabiashara asiyetozwa kodi kapata msamaha. Mwasi aliyetoka msituni kapewa cheti cha msamaha. Mjane anayesalimiana tena sokoni na ndugu wa mtu aliyemuua mumewe, naye tunasema katoa msamaha. Ubishi mwingi kuhusu vita vya kaskazini mwa Uganda, kati ya waasi wa LRA na serikali, unaanzia kwenye neno hilo moja.

Chukua Sheria ya Msamaha ya Uganda ya mwaka 2000. Mwasi alitakiwa kuripoti kwa jeshi, polisi, chifu, hakimu au kiongozi wa dini, atamke kwamba ameachana na uasi, na akabidhi silaha kama anayo. Basi, cheti. Hakudaiwa ataje aliowadhuru, wala awaombe radhi. Zaidi ya watu 26,000 walipita mlango huo, nami siulaumu: wengi walitekwa wakiwa watoto, na bila huo wangeogopa kurudi. Lakini pale serikali iliacha kushtaki tu. Mjane hakuulizwa.

Mato oput, ibada ya kupatanisha koo baada ya mauaji miongoni mwa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, huanzia kwingine. Wasimuliaji hukimbilia kibuyu: mizizi michungu ya mti wa oput hupondwa, huchanganywa na pombe ya kienyeji, na wawakilishi wa koo mbili hupiga magoti, mikono nyuma, wakainama kunywa pamoja. Hiyo ni hatua ya mwisho. Koo hukaa kwanza zimetengana, hazili pamoja wala hazioani, huku wazee wakienda na kurudi mpaka muuaji akiri. Kisha ukoo wake wote huchanga culo kwor, fidia ya damu, siku hizi ng'ombe au pesa. Mashauriano yanaweza kula miaka, na umaskini ndio hukwamisha zaidi. Wakinywa kabla ya kukiri na kulipa, wamekunywa dawa chungu tu.

Vita viliuvuruga utaratibu huu mahali pabaya. Mtoto aliyetekwa aliua watu asiowajua majina, katika vijiji asivyovijua. Ukoo gani ulipe, na umlipe nani? Wengi wameishia nyono tong gweno, yaani kukanyaga yai: yai bichi huwekwa pamoja na kijiti cha mti wa opobo, anayerudi akalikanyaga, akaingia nyumbani. Ibada hiyo humpokea mtu aliyekuwa mbali. Deni la damu hailigusi. Kuziita zote mbili "msamaha wa jadi" ni uvivu.

Hata The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, wamekwama hapo hapo. Februari 2024 majaji waliamua kila mwathiriwa wa Dominic Ongwen, kamanda wa zamani wa LRA, apate yuro 750 za ishara. Ongwen, aliyehukumiwa miaka 25, hana kitu, kwa hiyo mfuko wa waathiriwa ukaachiwa kutafuta fedha kwa wafadhili. Kwa kipimo cha culo kwor, anayelipa si wa ukoo wa mkosaji, na mkosaji mwenyewe haumwi mfukoni.

Mjane anaweza kuachilia kinyongo leo hii ili apate usingizi, bila kukiriwa wala kulipwa. Ni lake. Lakini anayemhimiza kanisani kila Jumapili asamehe, na aanze kumtafutia wa kumwonyesha mumewe alizikwa wapi.