Geti la hoteli halilindi tumbo: kula na kupumzika Cancún

Mtu akikata tiketi ya Cancún, mji wa ufukweni wa Meksiko, iwe anatokea Houston, Toronto au Nairobi, nasaha ya kwanza atakayopewa ni hii: lipia hoteli yenye kila kitu ndani, funga mkononi bangili ya mgeni wa hoteli, na usithubutu kula nje ya geti. Tumbo la mgeni, wanasema, haliwezi chakula cha mtaani cha Meksiko. Wanaosema hivyo wana nia njema na wana hoja. Shida ni kwamba wamechora mpaka mahali pasipo. Kinachomlinda mlaji ni moto, muda na maji, na hivyo vitatu havijali uko upande gani wa geti.

Haki ya hoteli itajwe kwanza. Maji ya bomba Meksiko hayanywewi hata na wenyeji. Majumbani watu hununua garrafón, dumu la lita 20. Hoteli kubwa husafisha maji yake, kwa hiyo barafu na juisi havimpi mgeni wasiwasi. Nyingi zina Distintivo H, cheti cha usafi wa jikoni cha Wizara ya Utalii, ambacho lazima kihuishwe kila baada ya muda. Mwenye mzio wa kamba au karanga anaweza kumwita mpishi na kuelezana naye kwa Kiingereza. Mwenye watoto wanne anajua gharama kabla hajafunga sanduku. Kwa mjamzito, mwenye kichanga au mwenye kinga dhaifu, hoteli ni uamuzi wa busara na hakuna sababu ya kumbishia.

Lakini kuna jambo moja ambalo wasifiaji wa bangili hulipita haraka. Mwaka 2015 mamlaka ya afya ya Uingereza ilianza kuona wagonjwa wa kuhara waliokuwa wametoka likizo Cancún na Riviera Maya, pwani iliyo kusini mwake. Walikuwa zaidi ya 70 mwaka huo; mwaka 2016 wakafika mia kadhaa. Chanzo kilikuwa kimelea kiitwacho Cyclospora. Na wengi wao walikuwa wamelala kwenye hoteli zilezile za kila kitu ndani, tena hoteli nyingi tofauti. Mpishi mmoja mchafu hawezi kuugusa mwambao mzima, ndiyo maana shaka ikaangukia kiambato kilichosambazwa eneo lote.

Ukikijua kimelea hiki utaona kwa nini geti halisaidii. Kikitoka kwenye choo cha mtu, hakiambukizi papo hapo. Kinahitaji wiki moja au mbili nje, kwenye udongo au maji, ndipo kikomae. Kwa hiyo hakitoki kwenye mkono wa mpishi leo kikakuumiza leo. Kinatoka shambani, juu ya majani na matunda yanayoliwa mabichi, hasa giligilani, basili na matunda madogo laini kama rasiberi. Klorini haikiui. Glavu hazikizuii. Cheti cha jikoni hakikioni. Mwaka huohuo wa 2015 Marekani ilianza kuzuia giligilani mbichi za jimbo la Puebla la Meksiko kuingia nchini mwake kati ya Aprili na Agosti, kwa sababu ya kimelea hikihiki. Moto tu ndio unaokimaliza. Na kwa kuwa dalili huja baada ya siku saba hivi, mtu huanza kuumwa akiwa kwao na kusingizia chakula cha ndege au kile kipande kimoja alichokula sokoni. Kuhara kwake hudumu wiki kadhaa, huenda na kurudi, pamoja na uchovu mzito. Tiba yake ni dawa tunayoijua kwa jina la Septrini, lakini maabara nyingi hazikitafuti kimelea hiki mpaka daktari aandike jina lake. Mwambie daktari ulikuwa Meksiko.

Haki itendeke pande zote: giligilani za mtaani zinaweza kushuka kwenye lori lilelile. Muuza taco (tortilla, yaani chapati ndogo ya mahindi, iliyokunjwa na nyama ndani) akikunyunyizia kiganja cha majani mabichi, hatari ni ileile. Sema tu "sin cilantro", yaani bila giligilani, hataudhika.

Jambo la pili ni bufee, meza ya chakula cha kujichotea. Kanuni ya jikoni inajulikana: chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya nyuzi 4, na kilichoko katikati kisizidi saa mbili. Hewa ikivuka nyuzi 32, saa mbili zinakuwa saa moja. Mchana wa Julai pale Cancún unafika huko bila taabu. Sasa tazama bufee ya kando ya bwawa la kuogelea: ule moto mdogo chini ya trei unaweza kutunza joto lililopo, lakini hauwezi kulirudisha likishapotea. Kifuniko kikiachwa wazi na wageni mia, juu ya trei panapoa huku chini pakiungua. Saladi za mayonezi na matikiti yaliyokatwa, yakikaa bila barafu chini yake, ndiyo mabaya kuliko nyama. Mgeni wa hoteli afike nusu saa ya kwanza, achote penye mvuke, na asimame pale wanapokaanga yai au kuchoma samaki mbele yake.

Ukimwelewa huyo anayekaanga mbele yako, umeshamwelewa mwenye taco wa Parque de las Palapas, ile bustani ya katikati ya mji ambako wakazi wa Cancún huenda kula jioni. Nyama inatoka motoni, inaangukia kwenye tortilla iliyotoka kwenye chuma cha moto, na ndani ya dakika mbili imeliwa. Haina muda wa kuharibika. Tazama mikono: kwenye banda zuri mmoja anashika fedha na mwingine anashika chakula. Tazama sahani: nyingi huvishwa mfuko wa plastiki, na baada ya kila mteja mfuko hutupwa. Mgeni huuona kama uchafu, kumbe ndiyo njia ya banda lisilo na bomba ya kukupa sahani ambayo haijaoshwa kwa maji ya ndoo. Barafu yenye umbo la bomba, yenye tundu katikati, hutoka kiwandani na maji yake yamesafishwa. Ile iliyopondwa kutoka kwenye bonge iache.

Kinachoharibika hapa ni mambo mawili. La kwanza ni mshikaki mkubwa unaosimama wima, wa al pastor. Foleni ikikatika, muuzaji hupunguza moto ili nyama isikauke. Wateja wakirudi ghafla, kisu kinapita kwenye tabaka ambalo bado ni bichi. Nenda penye foleni, na nyama iliyokatwa iwe na kingo za kahawia. La pili, ambalo ni baya zaidi, ni salsa ya mezani. Watafiti waliopima salsa za migahawa ya Guadalajara, katika kazi iliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta bakteria wa E. coli kwenye nyingi kati yake; hata za Houston hazikusalimika, ila zilikuwa na nafuu. Bakuli liko wazi tangu asubuhi, kijiko kimoja, mikono hamsini. Watu wengi hula taco salama na kuumwa kwa sababu ya kijiko kimoja cha salsa, kisha nyama ndiyo inayolaumiwa. Kamulia ndimu uliyoikata mwenyewe.

Muislamu ajue kuwa al pastor na cochinita ni nguruwe, na maharage ya kusaga mara nyingi hupikwa kwa mafuta yake, manteca. Aulize kabla. Samaki, kuku na pweza havikosekani.

Maonyo mawili ya wahofu ni ya kweli kabisa, na ni ya baharini. Ceviche huitwa "samaki aliyepikwa kwa ndimu", lakini tindikali hubadili rangi na ugumu wa nyama tu. Haiui vimelea kwa uhakika. Samaki walioganda nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, vimelea wao wamekufa, ila bakteria hawafi kwa baridi. Ceviche iliwe mchana, penye wateja wengi, ikiwa imetoka kwenye barafu. Onyo la pili ni sumu ya ciguatera, inayokusanyika kwenye samaki wakubwa wawindaji wa miamba ya matumbawe, kama mzia na chewa mkubwa. Moto hauiondoi. Midomo ikianza kufa ganzi na maji ya baridi yakakuunguza, nenda hospitali.

Kuhusu kupumzika, bangili huuza kitu ambacho si chake. Ufukwe wa Meksiko ni mali ya umma, na tangu 2020 sheria inatoza faini kwa anayezuia watu kupita. Vitanda ni vya hoteli, mchanga si wake. Basi la R-1 hupita barabara ya Kukulcán mpaka Playa Delfines, kwenye vibanda vya makuti vya bure. Mawimbi pale ni makali, bendera nyekundu ikipanda usiingie. Wenye watoto washuke Playa Langosta, maji yametulia. Kwenye mgahawa wa ufukweni uliza "consumo mínimo", yaani kima cha chini cha kutumia, kabla hujakaa. Bakshishi ni hiari kisheria, kawaida asilimia 10 hadi 15. Miezi ya Aprili hadi Agosti mwani wa sargazo unaweza kujaa pwani ya mashariki na kunuka kama mayai viza. Hapo vuka kwa boti kutoka Puerto Juárez hadi Isla Mujeres, Playa Norte, ambako kwa kawaida haufiki kwa wingi.

Na ukiwa kisiwani, agiza tikin xic. Samaki hupasuliwa akafunguka kama kitabu, akapakwa zingefuri iliyovurugwa kwa maji ya danzi, akalazwa juu ya jani la mgomba na kuchomwa kwa kuni. Kwa mtu wa Unguja hakuna kigeni hapo. Saa moja ya kukolea inatosha. Akikaa mno kwenye danzi, nyama inalainika na kumeguka kabla ya kuiva. Huuzwa kwa kilo, kwa hiyo apimwe mbele yako akiwa mbichi na bei itajwe kabla hajaingia motoni. Akija mezani, bonyeza penye mgongo karibu na kichwa, mahali panene zaidi: nyama ikiachana na mfupa na kuwa nyeupe mpaka ndani, ameiva. Ikiwa bado ina ung'avu wa kioo, mrudishe jikoni. Watamrudisha motoni bila neno.