Wivu wangu ni wa lile jani tu

Mzee mmoja tunayefanya naye kazi hapa Montréal hukusanya sarafu za dhahabu za Kanada, zile zenye jani la mti wa mepo (maple). Juzi wakati wa mapumziko alinitolea mbili, ya 2023 na ya 2024, kila moja ndani ya kijisanduku chake cha plastiki, halafu akaanza kulalamika. Ya 2023 bado ina malkia Elizabeth, na miaka yake ya kutawala, 1952 hadi 2022. Ya 2024 ina mfalme Charles, na mzee anadai wamemchora kama mhasibu wa kampuni. Tena hajasamehe ile mistari myembamba iliyoongezwa 2015 kulizunguka jani ili waghushi washindwe. Eti imechafua uso wa sarafu! Mtu ameshika dhahabu safi kabisa mkononi, analia mistari. Nilinyamaza, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Najua mtakachoandika: "Huyu naye, kufika kwa Wazungu tu kashasahau sombe." Sijasahau. Mdogo wangu wa Kadutu, kwetu Bukavu, Kongo, hanipi hata nafasi ya kusahau. Tangu benki zifungwe kwa ajili ya vita, nikimtumia pesa kwa simu, baadaye ananipigia: yaya, wamenipa noti ya dola ishirini, ina mchaniko kidogo pembeni, hakuna anayeipokea. Kambisti, yule mbadilishaji pesa, anaiinua juani, anaipapasa kwa kidole gumba, anamrudishia bila neno. Namba ipo, sura ya rais wa Marekani ipo, hata sikio halijapungua. Lakini noti imekufa.

Basi hapo ndipo wivu wangu ulipo. Lile jani la mepo, lile la bendera yao, limekaa kwenye sarafu hiyo tangu 1979. Upande wa pili malkia amezeeka, sura yake imechorwa upya mara kadhaa, amefariki, mwanawe ameingia, na jani halikutikisika. Hakuna aliyekimbia mbio kubadilisha za zamani kabla hazijakataliwa. Na imeandikwa dola 50 tu! Hamsini, wakati dhahabu iliyomo, gramu 31 na kidogo, inauzwa kwa maelfu. Nyinyi mliokuwa wakubwa 1993 mnaikumbuka noti ya zaire milioni tano, zaire ile pesa yetu ya wakati wa Mobutu. Milioni tano zimeandikwa, na muuza ndizi haitaki. Kule Kinshasa askari walilipwa nayo, sokoni wakaikataa, na kilichofuata mnakijua: wakaasi, wakapora mji.

Mtaniambia hata sisi tulikuwa na sarafu za dhahabu. Kweli. Mwaka 1965 zilitoka zenye sura ya Kasavubu, rais wetu wa kwanza, kusherehekea miaka mitano ya uhuru. Novemba mwaka huohuo Mobutu akampindua. Mwaka 1975 Zaire ikatoa ya zaire 100 yenye chui, eti kwa ajili ya kuhifadhi wanyama, na ngozi ya chui kila mtu alijua inakaa kichwani mwa nani. Watu wa Lubumbashi nao watajigamba na yao ya 1961, ile ya faranga tano ya wakati wa Tshombe, aliyeitenga Katanga na Kongo, yenye msalaba wa Katanga. Inaniuma kuwasifu, lakini ndiyo nzuri kuliko zote, maana misalaba ile ya shaba ilikuwa pesa kabla Mzungu hajafika. Serikali iliyoitoa haikumaliza miaka mitatu.

Mjomba wangu alikuwa negosia, mnunuzi wa dhahabu, kule Kamituga. Mizani yake ilikuwa vibakuli viwili vilivyoning'inia kwenye nyuzi: huku dhahabu ya krezere, wale wachimbaji wa mikono, huku njiti za kiberiti na sarafu za Zaire zenye sura ya Mobutu, zisizonunua tena kitu. Mobutu akawa jiwe la mizani. Dhahabu ilifungwa ndani ya karatasi ya daftari, ikateremka Bukavu, ikavuka mto Ruzizi wa mpakani usiku, na mbele ya safari ikapewa hati za nchi nyingine. Haikupata picha yoyote yetu, hata ya mende.

"Kwa hiyo unataka tuchonge sarafu wakati watu wanakimbia na magodoro kichwani?" Sikusema hivyo, msiniwekee maneno mdomoni. Na wewe utakayenikumbusha kwamba Kanada imejengwa juu ya ardhi ya wenyeji, una haki, njoo tumwambie mzee pamoja. Mimi nasema hivi: wenzetu walichagua kitu ambacho hakiwezi kupinduliwa, wakakiacha hapo. Sisi tunao okapi, yule ndugu wa twiga, ambaye porini hayupo nchi nyingine yoyote. Okapi hajawahi kuchukua madaraka kwa nguvu, wala hana mashemeji wa kuwapa vyeo.

Watu wa Ituri watamtaka huyo okapi, Wakatanga watarudi na msalaba wao. Sawa, tugombane juu ya hilo, angalau ni ugomvi mpya. Kura yangu ni ya ngagi, yaani gorila, wa mbuga ya Kahuzi kwetu, dume lenye mgongo wa fedha, ametazama mbele, na upande wa pili asiwekwe mtu yeyote aliye hai.